Sauti moja, maandiko matatu: namna ya kufundisha aliterasheni kwa vijana wa Kalemie



Wengi wetu hapa tulipata lisanse ya kitu kimoja na leo tunafanya kazi ya kitu kingine. Mimi nilisoma kilimo, lakini niko na saa za Kiingereza kwa masomo ya sekondari. Najua siko peke yangu. Kuko wenzetu wa uchumi, wa sheria, wa mazingira, wenye wanashika saa za Kiingereza juu mwalimu wa lugha hapatikani. Kwa hiyo leo sitaandika juu ya mbolea. Nitaeleza jambo moja dogo la darasa, lenye linaomba ubao, chaki na vinywa tu: aliterasheni.

Najua mtu atauliza: mutoto mwenye hajui kusema vizuri "my name is" atafanya nini na mambo ya washairi? Ni swali la haki. Nitalijibu nikisha kueleza, juu jibu lenyewe liko ndani ya kazi.

1. Aliterasheni ni nini

Ni pale maneno yenye kukaa karibu yanaanza na sauti moja. Sikia mezali yetu: haraka haraka haina baraka. Mbele ya maneno kunarudi "ha, ha, ha". Hiyo ni aliterasheni. Nyuma kunarudi "raka, raka, raka". Hiyo ni vina. Mezali moja, kazi mbili. Ukiandika mezali hiyo kwa ubao na kupiga mstari chini ya mwanzo na chini ya mwisho, darasa limekwisha kuelewa tofauti, na hata neno moja la Kiingereza halijatoka.

Washairi wa Kiswahili wa pwani wanafunga beti kwa vina, ni kusema kwa mwisho. Waingereza wa zamani walifunga mistari yao kwa mwanzo. Shairi lao kubwa la zamani, Beowulf, liko na mistari zaidi ya 3000, na kila mstari unashikamana kwa sauti za mwanzo za maneno yenye nguvu. Mashairi ya namna hiyo yalisemwa mbele ya watu wengi wenye hawakujua kusoma. Sauti ya mwanzo ilisaidia msemaji akumbuke na msikilizaji afuate. Shikeni neno hilo "akumbuke", tutalirudilia.

2. Anza na vitu vyenye wanajua

Usianze na maana ya kamusi. Andika kwa ubao teritware sita za provensi yetu ya Tanganyika: Kalemie, Kabalo, Kongolo, Manono, Moba, Nyunzu. Uliza tu: "Nani anafanana na nani?" Batoto watakupangia wenyewe: tatu za K, mbili za M, na Nyunzu peke yake. Mwengine atasema Nyunzu iende na Manono juu ya ile "n" ya ndani. Mwache aiseme kwa sauti mara mbili. Atasikia mwenyewe kwamba "ny" ni sauti yake, haiko "n".

Kisha ingiza majina yenye wanayaona kila siku kwa telefone na kwa duka: TikTok, Coca-Cola, Mickey Mouse, Donald Duck. Waulize sababu gani watu wa biashara wanapenda majina ya namna hiyo. Watajibu haraka: juu yanabaki kwa kichwa. Njo ile ile kazi ya Beowulf.

Kwa mwenye anapenda historia, mwaka 1813 peke yake unatosha. Mwaka huo, kule London, kulitoka kitabu cha kufundisha batoto matamko, kinaitwa Peter Piper's Practical Principles of Plain and Perfect Pronunciation. Hesabu P zake. Mwaka huo huo Jane Austen alitoa romani yake Pride and Prejudice. Kitabu kimoja cha batoto, kingine cha watu wakubwa, vyote viwili viko na jina la P kwa P.

3. Kiswahili chetu tayari kimejaa sauti hizo

Hapa njo pahali pa maana kwa mwalimu wa Kalemie. Sema: "Batoto bazuri babili balikuja." Ao kwa Kiswahili cha kitabu: "Watoto wazuri wawili walikuja." Kitabu kizuri kimoja kimepotea. Miti mikubwa miwili mirefu. Neno moja linavuta mengine yote yavae nguo yake. Wazungu wenye waliandika sarufi za lugha za Kibantu katika karne ya 19 walishangaa sana na jambo hili, na katika vitabu vyao waliliita upatano wa aliterasheni.

Basi kijana wetu anafanya aliterasheni tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Shida ni kwamba haisikii tena, juu iko kila pahali, kama harufu ya ndakala kwa mtu mwenye amezaliwa karibu na soko. Na hapo kuko tofauti kubwa ya kufundisha:

Kwa Kiswahili, sarufi inakulazimisha. Ukisema "kitabu mzuri" watu wataelewa, na katika mitaa yetu tunasema hivyo, lakini mwalimu wa Kiswahili atakata pointi.

Kwa Kiingereza, hakuna mwenye kukulazimisha. "Good book" ao "big book", sarufi inakubali zote mbili. Ukichagua "big book", masikio yanapata kitu cha zaidi. Aliterasheni ya Kiingereza ni uchaguzi wa msemaji.

Neno hilo "uchaguzi" linasaidia vijana sana. Mutoto wa miaka kumi na tano amezoea Kiingereza kiwe kitu cha kunakili kwa kaye: mwalimu anaandika, yeye anaandika. Hapa kwa mara ya kwanza anaambiwa: chagua wewe.

4. Sauti, hapana herufi

Kosa la kwanza la darasa zima litakuwa kutafuta kwa macho. Wataona "city" na "cat", wataona C mbili, watasema ni aliterasheni. Hapana. "City" inaanza na s, "cat" inaanza na k. Kiswahili kimewazoesha kwamba herufi moja ni sauti moja. Kiingereza hakina heshima hiyo.

Dawa yake ni sentensi hii, yenye natumia kila mwaka:

Clean cups keep cholera out of Kalemie.

Maana yake kila mutoto anaijua bila kuelezwa, juu kolera inarudi hapa kwetu karibu kila mwaka, na kila mtaa uko na familia yenye iliisha kupeleka mtu kwa hospitali. Vikombe safi vinafukuza kolera. Sasa fanya hivi: futa ubao. Waambie wafunge macho. Soma sentensi polepole, na kila mara wakisikia sauti ya k mwanzo wa neno, wapige kidole kwa meza. Watapiga mara tano: clean, cups, keep, cholera, Kalemie. Kisha andika sentensi kwa ubao na uwaombe wahesabu maandiko. Sauti ni moja. Maandiko ni matatu: c, k, na ch. Wenye walisema "cholera" na "ch" ya chakula watacheka wenyewe.

Baada ya hapo, wape orodha ya mitego. Hii njo ile naandikaga:

Fish na phone: herufi mbali, sauti moja.
Night na knife: ile k imekufa, haisemwi.
Rain na write: w imekufa vilevile.
Jam na George: sauti moja.
Sugar na salt: herufi moja, sauti mbili. Sugar inaenda na shop.
Water na one: ndiyo, "one" inaanza na sauti ya w.
Yam na university: zote zinaanza kama "y" ya yai.
House na hour: hapana. "Hour" haina h kwa kinywa.

Orodha hii inalipa mara mbili. Mutoto anajifunza aliterasheni, na kwa njia hiyo hiyo anajifunza kusoma maneno yenye angeyasoma vibaya maisha yake yote.

5. Kinywa cha Kalemie

Kila pahali kuko na sauti zake ngumu. Kwetu naona tatu.

Ya kwanza ni h. Katika mazungumzo ya kila siku tunaiangusha: "apa", "apana", "uyu". Kifaransa nacho hakiitamki. Kwa hiyo "heat" inakuwa "eat", na "hill" inakuwa "ill". Ukimwambia mutoto tu "weka h", atasahau kesho. Mpe sentensi: Heavy hoes hurt my hands. Jembe zito linaumiza mikono, ni kweli ya kila mmoja wao mwenye anaenda shamba na mama yake. Sasa h ikianguka mara moja, inaanguka mara nne, na sentensi yote inavunjika mbele ya darasa. Sauti yenyewe inamkosoa, mwalimu hana lazima ya kumkosoa. Mwambie aweke kiganja mbele ya kinywa: kwa kila h lazima apate pumzi ya moto kwa mkono.

Ya pili ni th. "Think" inakuwa "sink", "thick" inakuwa "sick". Fanya: Three thin thieves. Ncha ya ulimi itoke kidogo katikati ya meno. Watacheka kuona ndimi za wenzao. Waache wacheke, ni kicheko cha kazi.

Ya tatu ni r na l. Wengi wetu, juu ya lugha za nyumbani, tunazichanganya. Kwa Kiingereza kosa hilo lina bei: "rice" ni mchele, "lice" ni chawa. Hakuna mwenye anataka kuagiza sahani ya chawa. Wape mistari miwili wapigane nayo, upande huu wa darasa na upande ule: Red rice for the road, na The Lukuga leaves the lake. Ya pili iko na somo la jiografia ndani: Lukuga njo mto peke yake wenye unatoa maji ya ziwa Tanganyika kuyapeleka kwa Lualaba.

Darasa likiwa na batoto sitini, mmoja mmoja hawawezi kusema wote. Lakini mstari mfupi wa aliterasheni unasemwa na safu moja kwa mpigo, kama kwaya. Yule mwenye haya anajificha ndani ya sauti za wenzake mpaka anazoea. Nimeona vijana wenye hawakufungua kinywa mwaka mzima wanasema kwa safu, kisha kwa wawili, kisha peke yao.

6. Kwa wakubwa: silabi yenye nguvu

Kwa darasa la juu, ongeza jambo moja. Kwa Kiswahili tunakaza silabi ya pili toka mwisho, hatuna lazima ya kufikiri. Kwa Kiingereza mkazo unatembea, na sikio la Mwingereza linasikia aliterasheni zaidi pale pa mkazo. "Banana" mkazo uko kwa NA. "Tomato" uko kwa MA. "Cassava" uko kwa SSA. Kwa hiyo "big bananas" inaonekana nzuri kwa macho, lakini b ya "bananas" ni dhaifu. "Big beans" inapiga nguvu zaidi. Wape maneno kumi ya shamba na ya soko, wapige makofi kwa silabi yenye nguvu. Kwa wadogo usiingie humo, mwanzo wa neno unatosha.

7. Kuandika: maana itembee mbele

Kosa la pili, lenye linakuja wakati wanaanza kupenda mchezo, ni kukusanya maneno bila akili. Watakuandikia: Big brown bananas bring beautiful bicycles. Ndizi zinaleta baiskeli? Sauti iko, maana haiko. Usiwakatishe tamaa, lakini weka masharti matatu:

Kwanza, sentensi iseme kitu cha kweli chenye unakijua.
Pili, sauti irudi mara tatu ao ine, isipite hapo sana. Ikizidi, inakuwa kama chumvi katika sombe.
Tatu, ukiitoa ile sauti na kuweka maneno mengine, maana ibaki na faida.

Kisha wape kazi yenye iko na mwenyewe wa kuipokea. Mimi, kwa sababu ya kilimo, napenda kazi ya chupa za dawa. Dawa za shamba zenye zinavuka ziwa toka Tanzania, ao zinapanda toka Zambia, mara nyingi ziko na maandiko ya Kiingereza. Mama analeta chupa nyumbani, baba anauliza kipimo, na yule mutoto wa sekondari njo mwenye anaitwa asome. Hapo Kiingereza si mchezo tena. Kwa hiyo tunaandika pamoja maonyo mafupi: Danger: do not drink. Mask your mouth before you mix. Wash well with water. Boots before the bottle. Kila kikundi kinaandika moja kwa karatasi, chini yake maana kwa Kiswahili, na kinaipeleka nyumbani ibandikwe pale dawa inawekwa.

Ndani ya hiyo kazi kuko msamiati, matamko, kuandika, na afya ya familia. Na mutoto anaisema mpaka jioni bila kuambiwa, juu sauti inamvuta.

8. Saa moja ya masomo, namna ya kuipanga

Ukiwa na dakika 45 ao 50, gawanya hivi. Dakika tano, teritware na majina ya biashara. Dakika tano, mezali ya haraka, kwa kutofautisha mwanzo na mwisho. Dakika kumi, sentensi ya kolera, macho yakiwa yamefungwa, kisha kwa ubao. Dakika kumi, mitego ya herufi na sauti. Dakika kumi, mstari mmoja wa kinywa, h ao th ao r na l, chagua moja tu kwa siku. Dakika zenye zinabaki, kila wawili waandike sentensi moja yao. Kwa somo lenye linafuata, watu wanasoma zao kwa sauti, na darasa linapiga kidole kwa meza likisikia. Darasa njo mwamuzi.

Usiulize kwa ekzameni "aliterasheni ni nini?" Mutoto ataimba maana bila kuisikia. Mpe sentensi ine, aseme ziko wapi zenye zina sauti moja, na aandike moja yake.

9. Sasa lile swali

Kwa Examen d'Etat, Kiingereza ni maswali ya kuchagua jibu. Kijana anaweza kufika huko, apite, apate diplome, bila hata siku moja kutoa sentensi nzima ya Kiingereza kwa kinywa chake. Kisha anasimama mbele ya mlango wa kazi, ao anavuka Kigoma kwa biashara, na mtu anamuuliza swali jepesi, naye anakosa la kusema. Maneno anayajua, ameyaandika miaka sita kwa kaye. Kinywa njo hakikufundishwa. Na tangu mwaka 2022 inchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, milango ya namna hiyo itazidi.

Ndiyo, aliterasheni ni kitu cha washairi. Lakini kabla ya washairi wa vitabu, ilikuwa chombo cha watu wenye hawakuwa na vitabu. Madarasa yetu yako namna hiyo: kitabu kimoja kwa mwalimu, na pengine hata hicho hakiko. Chombo chenye kilitengenezwa kwa kukumbuka bila karatasi kinatufaa sisi kuliko mtu yeyote. Hakiombi umeme, hakiombi foto kopi, na batoto wa Kibantu walizaliwa na sikio lake.

Kwa hiyo mwenzangu mwenye unashika saa za Kiingereza juma lenye linakuja, iwe Kalemie mjini, iwe Nyunzu ao Moba, jaribu na sentensi moja tu. Tafuta kitu chenye kinauma ao kinapendwa katika mtaa wako, kiandike kwa maneno ine yenye kuanza na sauti moja, na ufute ubao kabla ya kukisoma. Masikio yaanze, macho yatafuata.